Nusu ya Pili ya Ua la Nakitete

Ua la kwanza lilifunguka mbele ya kamera na mawaziri, kukawa na kamba ya kuzuia watu wasilisogelee. La pili lilifunguka Jumatano asubuhi, na shahidi wake alikuwa Somoe Nanjase peke yake, ambaye wakati huo alikuwa amechuchumaa ndani ya banda la kioo akizibua bomba la maji lililojaa matope.

Aliponyanyuka kunyoosha mgongo akaliona. Dogo, la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, jeupe lenye umanjano kidogo kama samli iliyoganda, limesimama kwenye kikonyo chembamba juu ya maji ya karai. Halikuwa na harufu. Somoe alilitazama huku matope yakimkaukia mikononi. Magazeti ya dunia nzima yalikuwa yameuita mmea huu mama wa maua yote, mama wa mkorosho na muhindi, wa mpunga na waridi. Ulikufa miaka milioni mia na hamsini iliyopita, ukageuka jiwe katika Korongo la Nakitete, na sasa ulikuwa ukinywa maji ya kisima cha Taasisi ya Mimea ya Kale, hukuhuku Lindi ulikoangukia.

Akaosha mikono, akachukua mkasi mdogo.

"Nisamehe, mama," akaliambia ua, kisha akajicheka.

Watu wengi hudhani ua ni rangi. Kwa watu wa kazi ya Somoe, alama yenyewe ni kifuko. Mmea wa maua huificha mbegu yake changa ndani ya kifuko kilichofungwa pande zote, wakati msonobari na jamaa zake huziacha mbegu wazi juu ya magamba. Kifuko kikifungwa, hilo ni ua. Kikiwa wazi, hata kikizungukwa na vijani vizuri namna gani, bado si ua. Maua ya zamani kabisa ambayo wataalamu wote waliyakubali yalikuwa na umri wa miaka milioni mia na thelathini hivi. Hili la Nakitete lilikuwa limeyatangulia kwa mbali, na kifuko chake kilikuwa kimefungwa.

Somoe alilikata ua katikati, akaliweka chini ya hadubini, akatafuta ncha ya kifuko mahali midomo yake inapokutana. Midomo ilikuwa imegandishwa na utomvu, na juu ya utomvu huo kulikuwa na vinywele vilivyojikunja nchani, vimepangana kwa mafungu kama nyuzi za ufagio.

Akasogeza jicho karibu zaidi.

Vinywele hivyo alivijua. Shahada yake ya kwanza aliipata kwa kuchora ncha za vifuko vya yungiyungi kutoka mabwawa ya Rufiji, mchana baada ya mchana, mpaka akawa anaviota. Alitoka nje mbio, akaenda kwenye bwawa la nyuma ya banda, akachuma yungiyungi mmoja na kurudi huku sketi ikimchuruzika maji. Akaviweka vipande viwili sambamba. Vilifanana unywele kwa unywele.

Ilikuwa kama kuoneshwa mchoro wa babu wa mababu zako, aliyeishi kabla chuma hakijajulikana, ukakuta amevaa saa ya mkononi ya kaka yako.

*

Mtambo ulioufufua mmea ule uliitwa Mfumbuzi, nao ulikuwa na chumba chake wenyewe, chenye baridi na mlango mzito. Ulisoma jiwe kwa kulichoma. Mwale wa mwanga ulipita juu ya kisukuku na kukibandua tabaka moja jembamba mno, tabaka likageuka moshi, na Mfumbuzi ukaunusa moshi huo na kuandika kila kilichokuwamo: umbo la chembe, mabaki ya nta, vivuli vya sukari na rangi. Kisha tabaka linalofuata. Jiwe likiisha, mtambo ulikuwa na ramani kamili ya kiumbe, na kutokana na ramani hiyo ulitunga jeni ambazo zingeweza kukijenga upya. Jiwe halihifadhi jeni. Mfumbuzi ulizikisia kutokana na umbo, kama mshonaji mzuri anavyoweza kuliona gauni lililovaliwa na kukata jingine kama hilo bila kulifumua.

Na mahali jiwe lilipokuwa halina cha kusema, Mfumbuzi ulijaza. Uliazima kutoka kwa mmea hai uliokaribiana zaidi na ule wa kale. Hilo lilikuwa limeandikwa katika maelezo ya mtambo, wazi kabisa, na kila mtu alikuwa amelisoma.

Somoe aliuomba mtambo uoneshe ramani ya ua, buluu kwa yaliyosomwa na manjano kwa yaliyojazwa. Ua likatokea hewani mbele yake, kubwa kama ungo. Vijani vilikuwa buluu. Vishina vya chavua vilikuwa buluu. Tumbo la kifuko lilikuwa buluu, na ndani yake mbegu mbili changa, buluu tupu, nzuri mno. Akalizungusha mpaka ncha ikamwelekea.

Ncha ilikuwa manjano. Midomo, utomvu, vinywele, vyote manjano.

Alikuwa bado amesimama pale Mkurugenzi Chitanda alipoingia. Chitanda alikuwa mtu wa sauti ya chini, aliyewahi kuuza shamba la familia ili Taasisi isifungwe, na Somoe hakuwa na sababu ya kumchukia.

"Nimeambiwa umekata ua," alisema.

"Nimelikata. Tazama hapa, mkurugenzi. Jiwe tulilolichoma halikuwa na ncha. Lilipopasuliwa kule korongoni, ua liligawanyika kama mkate. Nusu ya kwanza ilichukua vijani na tumbo. Ncha ilibaki kwenye nusu ya pili, ile iliyomo kabatini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hatujui kama kifuko kilifungwa. Mtambo ndio uliokifunga. Uliazima kwa yungiyungi."

Chitanda aliitazama ile rangi ya manjano kwa muda. "Inawezekana kilikuwa kimefungwa kweli."

"Inawezekana."

"Basi mtambo umekisia vizuri."

"Au kilikuwa wazi, na tumeiambia dunia uongo. Jumatatu mnatangaza tena, mbele ya watu wa nchi zote."

Mkurugenzi alivua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Somoe, watu wa Nakitete wameweka picha ya ua hili kwenye mlango wa shule. Watoto wanaliimba. Taasisi hii imesimama kwa sababu yake. Na Profesa Hildegarda yuko kitandani. Umemfikiria Profesa?"

Alikuwa hajafikiria kitu kingine chochote.

*

Profesa Hildegarda Nangomwa aliishi Ndanda, kwenye nyumba yenye baraza pana lililojaa mawe. Aliyatafuta maua ya kale kabla Somoe hajazaliwa. Kwenye mikutano ya wataalamu walikuwa wakimwita Mama Msonobari, kwa kuwa kila ua alilowapelekea waliligeuza kuwa koni ya msonobari kabla ya chakula cha mchana. Nakitete ndiko kulikomnyamazishia vicheko. Ndiye aliyemfundisha Somoe kushika nyundo, na mwaka ambao wazazi wa Somoe walifariki kwa ajali ndiye aliyemlipia chuo na kumpa chumba. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, na madaktari walikuwa wamekwisha kumwambia ukweli kwa sababu aliwalazimisha.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Umekonda. Na uso huo ni wa mtu aliyevunja kitu cha watu. Kaa, useme."

Somoe akakaa, akasema yote, vinywele na yungiyungi na ile rangi ya manjano. Profesa alisikiliza akiwa amefumba macho, mikono imelala juu ya khanga. Pembeni mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwa ikivuta na kuachia.

"Mjinga mimi," alisema mwishowe. "Niliyaona yale maelezo ya kujaza. Niliyapita, kwa kuwa nilitaka kuyapita." Akafumbua macho. "Chitanda anasemaje?"

"Anataka tunyamaze."

"Na wewe?"

"Nataka kusema. Lakini nilitaka usikie kwangu kwanza."

Profesa akamshika mkono. Viganja vyake vilikuwa baridi, ila nguvu bado zilikuwemo. "Sikiliza, mwanangu. Kusema kwamba hatujui, hilo utalisema. Sikuzuii. Lakini jibu lipo. Liko kabatini, kwenye nusu ya pili. Nisomee."

Somoe alijua angeombwa hilo. Njiani kutoka Taasisi alikuwa amejaribu kutafuta majibu.

"Nisomee jiwe langu," Profesa alirudia. "Mwale ni wako, jiwe ni langu. Mtambo unadai vidole vyetu viwili tu. Nipelekeni kesho nikiwa bado naweza kukaa."

*

Walimleta asubuhi, kwenye kiti cha magurudumu, na mtungi wa hewa ubavuni. Chitanda mwenyewe alikisukuma kile kiti mpaka chumba cha Mfumbuzi, kisha akatoka nje bila kuambiwa.

Nusu ya pili ilikuwa jiwe la kijivu lisilozidi kiganja. Katikati yake kulikuwa na alama ya kahawia, na kwenye ukingo wa alama hiyo kijivimbe kidogo kama chembe ya mtama. Mle ndani ndimo ilimokuwa ncha ya kifuko. Somoe alililaza chini ya mwale. Sheria ya Taasisi ilikuwa kwamba jiwe la mwisho la aina yake lisisomwe ila mlinzi wake na msomaji mkuu wakubaliane, na mtambo haukufunguka mpaka vidole vya wote wawili viguse kioo.

Profesa aliweka kidole chake mara moja. Taa moja ya kijani ikawaka.

"Haya," alisema.

Somoe aliinua mkono. Ulifika karibu na kioo mpaka akahisi ubaridi wake. Kazi nzima ingechukua muda wa kuchemsha chai. Kisha wangejua. Mwanamke huyu aliyemlea, aliyechekwa ujana wake wote, angejua kama alikuwa amesema kweli, na angelala na jibu lake. Na jiwe lingekuwa moshi, na moshi ungekuwa namba ndani ya mtambo, mtambo uleule uliokuwa umewadanganya mara moja bila hata kujua kwamba unadanganya.

Akaushusha mkono.

"Siwezi, Profesa."

"Unaweza. Gusa."

"Tukilichoma tukasema kilikuwa kimefungwa, nani atakayehakikisha? Tukisema kilikuwa wazi, nani? Watatuuliza jiwe liko wapi. Tutawaonesha majivu na neno letu."

"Neno langu linatosha."

"Halikuwatosha hata pale jiwe lilipokuwepo." Somoe alijisikia akisema hivyo na akatamani kuyarudisha maneno, lakini yalikuwa yamekwisha kutoka. Akapiga magoti mbele ya kile kiti ili wawe uso kwa uso. "Waliokutangulia walikata visukuku kwa msumeno, vipande vipande, kwa kuwa msumeno ndio waliokuwa nao. Wewe mwenyewe ulinionesha makabati yao. Ulisema, laiti wangesubiri. Na sisi leo tunajiona wa mwisho, kwa sababu tuna moshi. Kuna mtu atakuja na kitu kitakachoingia ndani ya jiwe hili na kutoka bila kuligusa. Sijui lini. Lakini akija, akute jiwe."

"Huyo mtu hajazaliwa," Profesa alisema, sauti ikikatika. "Mimi nimezaliwa, Somoe. Niko hapa. Nina wiki chache, labda. Unampendelea mtu usiyemjua jina kuliko mimi?"

Somoe alianza kulia, bila sauti, akaacha machozi yateremke. "Yeye hawezi kuja kuniomba. Wewe umeweza. Ndiyo maana ni vigumu hivi."

Taa ya kijani ya Profesa ikazimika yenyewe, muda wake ulikuwa umekwisha. Mtambo ukauliza kwa sauti yake tulivu kama uendelee kusubiri. 

"Nirudisheni nyumbani," Profesa alisema. "Mwite Chitanda. Wewe sitaki unisukume."

*

Jumatatu ukumbi ulijaa. Mkurugenzi Chitanda alipanda jukwaani akiwa na hotuba mkononi, akaitazama, akaikunja.

"Dakta Nanjase atazungumza," alisema, na akashuka kukaa kiti cha mbele kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Somoe hakuwa amemwomba hilo. Alipanda akiwa hajui aanzie wapi, akaanzia kwenye bomba lililoziba. Aliwaeleza buluu na manjano. Aliwaambia mmea uliomo bandani ni kiumbe hai cha kweli, kizuri, ila si shahidi: sehemu yake ile hasa iliyowaleta wageni hapa ilitengenezwa na mtambo wa Taasisi. Aliwaambia jiwe lililobaki linalo jibu, na kwamba halitasomwa.

Mtu mmoja wa safu ya nyuma aliuliza kwa nini. Mwingine akacheka, akasema, "Mama Msonobari amepata binti." Baadhi yao walicheka naye. Wengi hawakucheka. Mwalimu mkuu wa shule ya Nakitete, mwanamke mnene aliyevaa kitenge cha sherehe, alisimama akauliza kama picha ya mlangoni waifute.

"Msiifute," Somoe alisema. "Waambieni watoto kwamba tunalichunguza bado."

Mwalimu alifikiri. "Hilo wataweza kuliimba pia," akasema, akakaa.

Mikataba miwili ilivunjika wiki ileile, na wafanyakazi wa banda la pili waliachishwa kazi. Mmoja wao, aliyekuwa akila naye chakula cha mchana, alimpita Somoe getini bila kumsalimu. Chitanda hakumlaumu kwa maneno. Alipoletewa pendekezo kwamba mmea ung'olewe, kwa kuwa umekuwa aibu, alilikataa kwa mkato. "Mmea umekosa nini?" alisema. Somoe akaendelea kuumwagilia.

Ndanda alikwenda kila Jumamosi. Kila Jumamosi aliambiwa mlangoni kwamba Profesa amelala.

*

Masika yalikuwa yameanza alipopigiwa simu. Sauti ilikuwa nyembamba lakini bado ya kuamrisha.

"Niletee jiwe langu. Usiogope, sina mwale huku."

Somoe alilileta ndani ya sanduku lililotandikwa pamba, akapita kwenye matope ya barabara ya Masasi akiwa amelipakata mapajani. Profesa alikuwa ameinuliwa kwa mito. Alikuwa amepungua sana. Hakumkaripia wala hakumwomba radhi. Alinyoosha mkono tu, akalipokea jiwe, akaliweka chini ya lenzi yake ya mkono na kulitazama ukingo kwa ukingo.

"Hapa," alisema, kidole kikiwa juu ya kile kijivimbe. "Nimekikodolea macho miaka yote hii kikiwa kimejifungia. Siku nyingine naona kimefumba. Siku nyingine naona kimeachama kidogo, hivi, kama mtu anayetaka kusema kitu."

"Leo je?"

"Leo macho yangu ni mabovu." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia alisema, "Kadi ya kabatini umeandikaje?"

Somoe akaisoma kutoka kwenye simu yake: Kisukuku cha Nakitete, nusu ya pili, aina ya mmea haijulikani.

"Haijulikani," Profesa alirudia kwa dharau. "Hayo ni maneno ya mtu aliyefunga duka akaenda zake. Futa. Andika: 'Huenda ni ua. Bado hatujui.'"

Somoe akaandika.

"Halafu chini yake andika 'Msilichome', na uweke jina lako. Langu usiliweke. Ningekuwa na umri wako ningelichoma siku ileile, na nisingelala kwa furaha." Akavuta pumzi. "Nilikukasirikia sana, Somoe. Nilitamani nikulaumu mbele ya watu, nikakosa watu wa kuwaambia ambao wasingesema umefanya vema. Hilo liliniudhi zaidi."

"Hata sasa umenikasirikia?"

"Kidogo. Niachie hasira yangu."

Mvua ilinyesha kwenye bati, ikapungua, ikanyesha tena. Profesa aliuliza habari za mmea, kama umetoa mbegu. Somoe akamwambia umetoa mbili, ndogo, nyeusi, na kwamba amezipanda kwenye karai jingine kuona kama zitaota zenyewe, bila msaada wa mtambo. Profesa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akataka kujua udongo ni wa wapi. Wa Nakitete, Somoe akamwambia, na Profesa akasema huo ni mzito mno, achanganye na mchanga wa mtoni, na asizizamishe.

Kisha usingizi ukamchukua katikati ya neno, jiwe likiwa bado kiganjani mwake na kidole gumba kimelala juu ya kile kijivimbe. Taasisi ilikuwa imemtaka Somoe alirudishe kabatini kabla ya kufunga ofisi. Aliitazama saa, akatuma ujumbe wa kusema atachelewa, akavuta kiti karibu na kitanda, akakaa kumngoja aamke.